Upasuaji wa Utumbo Mpana: Daktari Hawezi Kumhesabu Asiyerudi

Na Katibu wa Kamati ya Msikiti, Nkololo, Bariadi

MWAKA 2013 madaktari wa Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Bugando, Mwanza, walichapisha katika jarida la kimataifa la upasuaji wa saratani hesabu ambayo kila familia ya Kanda ya Ziwa ilistahili kuijua. Walikuwa wamepekua majalada ya wagonjwa 332 waliougua saratani ya utumbo mpana na ya puru, yaani ile sehemu ya mwisho ya utumbo iliyo karibu na njia ya haja kubwa. Mgonjwa mmoja kati ya kila kumi hivi alifariki baada ya kupasuliwa. Zaidi ya robo, asilimia 26.2, walipatwa na matatizo baada ya upasuaji. Waliotoka wakiwa hai walikuwa 297. Kisha madaktari wakatafuta ni wangapi miongoni mwa hao walikuwa bado wanafuatiliwa kliniki miaka mitano baadaye. Wakawapata tisa.

Wengine 288 walikwenda wapi? Jalada halisemi. Yamkini wapo waliopona na sasa wanapalilia pamba zao, na yamkini wapo ambao tuliwasalia na kuwazika bila hospitali kupata habari. Kwa mwenye kuhesabu, wote hao ni sawa: ni majalada yasiyo na ukurasa wa mwisho. Madaktari wenyewe waliandika wazi kwamba hawakuweza kueleza wagonjwa wao waliishi muda gani, kwa sababu walio wengi walipotea machoni mwao.

Nawasifu kwa kuyachapisha hayo, maana si rahisi mtu kuianika hadharani hesabu ya waliomfia mkononi. Lakini makala haya hayahusu sifa za madaktari. Yanahusu namna ubora wa upasuaji wa utumbo unavyopimwa, na sehemu ya kipimo hicho iliyo mikononi mwetu sisi tunaobaki nyumbani, ambayo kwa muda mrefu tumeidhania kuwa ni kazi ya hospitali peke yake.

Tulio wengi, tukiulizwa kama fulani alipasuliwa vizuri, hutazama kovu. Likiwa limefunga, limenyooka na halitoi usaha, husema alhamdulillah, daktari yule ni hodari. Kovu halisemi lolote kuhusu yaliyotendeka ndani. Daktari anapokata kipande cha utumbo chenye uvimbe huunganisha ncha mbili zilizobaki, na hapo pa maungio ndipo penye hatari ya kwanza. Mshono ukivuja siku ya nne au ya saba, kinyesi humwagika ndani ya tumbo, na mgonjwa aliyekuwa akinywa uji asubuhi anaweza kuwa mahututi kufikia usiku. Kwa hiyo jambo la kwanza linalohesabiwa ni hili: kati ya wagonjwa mia walioungwa utumbo, maungio ya wangapi yalivuja? La pili, wangapi walifariki ndani ya siku 30? La tatu, wangapi walirudishwa chumba cha upasuaji bila kutarajiwa?

Hatari nyingine haionekani kwa macho. Saratani ya utumbo husambaa kupitia matezi madogo yaliyofichika katika mafuta yanayouzunguka utumbo. Daktari akiondoa uvimbe akaacha matezi, ameng'oa mti akaacha mizizi. Ndiyo maana kipande kilichokatwa hupelekwa maabara, na mtaalamu wa huko huyatafuta matezi hayo na kuyahesabu moja baada ya jingine. Kiwango kinachokubalika duniani ni matezi yasiyopungua 12. Yakipatikana manne tu, ama daktari hakukata vya kutosha ama wa maabara hakutafuta vya kutosha, na hakuna anayeweza kumwambia mgonjwa kwa yakini ugonjwa wake umefikia wapi. Idadi hiyo huandikwa katika karatasi ya majibu ya maabara, ile ambayo wengi wetu huikunja na kuitia mfukoni bila hata kuuliza imeandikwa nini.

Fikra ya kumfuatilia mgonjwa hata baada ya kutoka wodini si ya jana. Mwanzoni mwa karne iliyopita, katika mji wa Boston, Marekani, alikuwapo daktari wa upasuaji aitwaye Ernest Amory Codman. Aliona kwamba hospitali zilikuwa zikitangaza idadi ya waliopasuliwa lakini hazisemi waliopasuliwa wameishia wapi. Akaanza kumwekea kila mgonjwa kadi: alikuja na nini, alifanyiwa nini, na mwaka mmoja baadaye yu hali gani. Kama hakupona, kadi ilitakiwa ieleze sababu, na kama kosa ni la daktari, liandikwe hivyo hivyo. Alizitaka hospitali zote zifanye kama yeye na kuyatangaza matokeo. Wenzake hawakumpenda. Mwaka 1914 alijiuzulu katika hospitali kubwa aliyokuwa akiifanyia kazi, na mwaka uliofuata akaonyesha mkutanoni mchoro wa kuwakejeli wakubwa wa mji na wa tiba, jambo lililomgharimu pia nafasi yake ya ualimu Harvard. Katika hospitali yake ndogo ya binafsi alichapisha matokeo ya wagonjwa 337 wa kati ya mwaka 1911 na 1916, na humo akayataja makosa 123. Alifariki mwaka 1940 na kuzikwa bila jiwe la kaburi. Jiwe liliwekwa mwaka 2014, baada ya dunia ya tiba kukubali kwamba alikuwa amesema kweli.

Hapa mtu anaweza kuuliza kama kuhesabu kwenyewe kunaponya. Jibu zuri kuliko yote ninalolijua limo katika saratani ya utumbo mpana na ya puru. Mwaka 1991 ilichapishwa taarifa kutoka hospitali moja ya Glasgow, Uskoti, iliyowafuatilia wagonjwa 645 waliohudumiwa na madaktari bingwa 13 wa upasuaji. Hospitali ni ile ile, mji ni ule ule, dawa ni zile zile. Hata hivyo, miongoni mwa waliofanyiwa upasuaji wa kuondoa saratani yote, walioishi miaka kumi walikuwa asilimia 20 kwa daktari mmoja na asilimia 63 kwa mwingine. Maungio yaliyovuja yalianzia sifuri kwa daktari mmoja hadi asilimia 25 kwa mwenzake. Hakuna aliyejua tofauti hiyo kabla ya kuhesabu, wala madaktari wenyewe. Kila mmoja alidhani anafanya kazi nzuri, na naamini alidhani hivyo kwa nia njema.

Tofauti ilitoka wapi? Daktari Bill Heald, wa mji wa Basingstoke nchini Uingereza, alikuwa tangu mwaka 1982 akiwaeleza wenzake kwamba puru imezungukwa na mfuko wa mafuta wenye matezi, na kwamba mfuko huo unapaswa utolewe mzima, kwa kukata taratibu huku daktari akiona anachokikata, badala ya kuingiza mkono na kuubandua kwa kupapasa. Naye Phil Quirke wa Leeds alionyesha mwaka 1986 kwamba kipande kilichotolewa kinaweza kumpa daktari alama kama mtihani. Hupakwa wino kwa nje, hukatwa vipande vyembamba, na chini ya darubini huonekana kama saratani imefika kwenye ukingo uliopakwa wino. Ikiwa imefika, kuna iliyobaki ndani ya mgonjwa.

Wanorwei waliyachukua mambo hayo mawili, kufundisha na kuhesabu, wakayaunganisha. Huko nyuma, zaidi ya robo ya waliopasuliwa saratani ya puru walikuwa wakirudiwa na ugonjwa pale pale ulipotolewa. Mwaka 1993 wakaanzisha daftari la taifa la saratani ya puru. Kila mgonjwa aliandikwa, madaktari wakafundishwa njia ya Heald, na kila hospitali ikawa inapelekewa matokeo yake pamoja na wastani wa nchi, ijione iko wapi. Katika miaka michache wanaorudiwa na ugonjwa wakashuka hadi kuwa wachache kuliko mmoja kati ya kumi. Hapakugunduliwa dawa mpya. Mkono ulifundishwa na daftari likatunzwa.

Wala tusidhani haya ni ya Wazungu peke yao. Shirika la Afya Duniani lilipotaka kujaribu orodha yake ya usalama wa upasuaji, yenye mambo 19 ya kuhakikishwa kabla ya dawa ya usingizi, kabla ya kisu na kabla ya mgonjwa kutoka chumbani, lilichagua hospitali katika miji minane ya dunia, na mmojawapo ulikuwa Ifakara, mkoani Morogoro. Orodha inauliza mambo ambayo mtu angedhani hayahitaji kuulizwa: mgonjwa ni huyu kweli? Dawa ya kuzuia maambukizi imetolewa ndani ya saa moja kabla ya kukata? Vitambaa na vyombo vimehesabiwa na vimetimia? Matokeo yalitangazwa Januari 2009. Kwa hospitali zote nane kwa pamoja, vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, na matatizo makubwa kutoka asilimia 11 hadi 7. Mwaka 2018 Tanzania nayo ilizindua mpango wa taifa wa upasuaji, uzazi na dawa za usingizi, uliowekwa kufikia mwaka 2025. Kwa hiyo muumini anayeuliza hospitalini kama ile orodha inasomwa hamvunjii daktari heshima. Anauliza jambo lililojaribiwa kwenye ardhi ya nchi yake.

Hata hivyo, hesabu ina hila zake, na nisingependa msomaji atoke hapa akailinganisha Bugando na Oslo kana kwamba ni duka na duka. Katika ile taarifa ya Mwanza, karibu robo ya wagonjwa walifika saratani ikiwa imekwisha kusambaa sehemu za mbali za mwili. Umri wa katikati wa wagonjwa ulikuwa miaka 46, watu wenye watoto wa shule, ilhali katika nchi tajiri ugonjwa huu ni wa wazee zaidi. Hospitali inayowapokea waliochelewa itakuwa na vifo vingi hata kama mikono yake ni bora, na daktari anayeogopa kuharibu hesabu yake anaweza kuwakwepa wagonjwa walio hoi. Kwa hiyo wapimaji waadilifu huandika pia mgonjwa alifika katika hali gani, ndipo wahukumu. Na kuchelewa huko, tukubali, kunaanzia kwetu. Damu kwenye choo huku Kanda ya Ziwa ina majina mengi kabla haijaitwa saratani: bawasiri, kichocho, amiba, tumbo la kurogwa. Mara nyingi kweli ni bawasiri au kichocho. Lakini damu inayoendelea wiki tatu baada ya dawa, choo kilichobadilika umbo au mazoea, au mtu mzima kukonda na kupungukiwa damu bila sababu, ni mambo ya kwenda kupimwa kwa kidole na kwa kamera. Haya isimzuie mtu. Daktari hashangazwi na sehemu hiyo ya mwili.

Lipo jambo jingine linalowachelewesha Waislamu hasa, nami nimelisikia zaidi ya mara moja baada ya swala ya Alasiri, likisemwa kwa sauti ya chini. Mgonjwa ameambiwa kwamba puru yote itaondolewa na choo kitatokea tumboni kwenye mfuko, na jibu lake ni kwamba afadhali afe kuliko kuishi asiye na udhu. Hilo ni kosa la elimu, na linaua. Fiqhi inamtambua mtu asiyeweza kuizuia hadathi yake, kama yule anayechuruzikwa na mkojo, na inamwekea njia: ajisafishe kadiri awezavyo, atawadhe baada ya wakati wa kila swala ya faradhi kuingia, aswali bila kuchelewa, na kinachotoka baada ya hapo bila hiari yake hakimbatilishii swala. Mwenye mfuko tumboni yumo katika hukumu hiyo. Swala yake ni swala. Kwa undani wa hali ya mtu mmoja mmoja amwendee sheikh, lakini asimwendee sheikh baada ya kuukimbia upasuaji. Nami naongeza kwamba mfuko huo nao ni kipimo cha ubora. Hospitali nzuri huhesabu ni wangapi walipewa mfuko wa kudumu, na kama kila mmoja alionyeshwa mapema mahali utakapokaa. Mahali hapo panafaa papimwe mgonjwa akiwa amesimama, ameketi na ameinama. Mwislamu amwambie muuguzi waziwazi kwamba yeye hurukuu na kusujudu mara tano kwa siku, ili alama isiwekwe penye mkunjo wa tumbo.

Sasa nirudi kwa wale 288. Saratani ya utumbo inaporudi, mara nyingi hurudi ndani ya miaka mitatu ya mwanzo. Mgonjwa anayehudhuria kliniki anaweza kukutwa na uvimbe mdogo kwenye ini ambao bado unatibika, na asiyehudhuria hukutwa na macho ya njano. Katika taarifa ile ya Mwanza, wagonjwa 54 tu kati ya 321 ndio waliopata matibabu ya nyongeza. Najua kwa nini watu hawarudi. Kutoka Nkololo unakwenda Bariadi, kutoka Bariadi unashuka Lamadi, unapita Magu ndipo uingie Mwanza. Ni nauli ya watu wawili, kwa sababu mgonjwa haendi peke yake, ni malazi, ni siku za shamba zilizopotea, na yote hayo kwa ajili ya mtu anayesema hajisikii kuumwa. Tume ya kimataifa ya upasuaji iliyotoa taarifa yake mwaka 2015 katika jarida la Lancet iliweka vigezo sita vya kupima upasuaji wa nchi, na viwili kati ya hivyo vinahusu familia kufilisika kwa sababu ya matibabu. Maana yake, ng'ombe aliyeuzwa ili baba apasuliwe naye ni sehemu ya hesabu ya ubora.

Kule Glasgow waliwezaje kujua nani aliishi miaka kumi? Kwa sababu kila kifo nchini kwao huandikishwa. Kwetu wakala wa usajili, RITA, upo, lakini vifo vingi vya majumbani vijijini haviufikii. Mtu hufariki alfajiri, akaoshwa, akasaliwa Adhuhuri na kuzikwa kabla ya Alasiri. Anayeandika ni katibu wa msikiti. Katika daftari letu la maziko mna jina, umri, kitongoji, tarehe na aliyesimamia kuosha. Ni ukurasa ule ule wa mwisho unaokosekana katika jalada la Mwanza, nao umekaa kabatini kwetu, ukiliwa na mchwa.

Baada ya kulitafakari hilo, kamati yetu imekubaliana mambo machache, ambayo naamini msikiti wowote unaweza kuyafanya bila mfadhili. Kwanza, anayekwenda kupasuliwa, akiridhia mwenyewe, huandikisha hospitalini namba tatu za simu: yake, ya ndugu na ya katibu, kwa kuwa namba ya mgonjwa ndiyo ya kwanza kubadilika. Pili, akirudi, katibu hunakili tarehe ya kliniki tu. Jina la ugonjwa haliandikwi wala halitajwi mimbarini, maana siri ya mgonjwa ni amana, na anayeweza kuifungua ni yeye mwenyewe. Tatu, sehemu ya mchango wa Ijumaa ya kwanza ya mwezi hutengwa kwa nauli za kliniki. Nne, aliyewahi kupasuliwa akifariki, familia ikikubali, katibu hupiga simu hospitali aliyopasuliwa na kusema: fulani, wa jalada namba hii, amefariki tarehe hii. Na familia huelekezwa kukiandikisha kifo hicho.

Baadhi ya wazee walihoji simu hiyo ya mwisho. Mzee mmoja aliuliza inamfaa nini marehemu. Hoja yake ni ya haki, na sikuwa na jibu la kumfariji. Nilimweleza tu kwamba haimfai marehemu. Inamfaa anayelazwa kesho kwenye kitanda kile kile, chini ya mkono wa daktari ambaye hadi leo anadhani mgonjwa wake wa mwaka juzi amepona. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza kama na wa miaka ya nyuma wanaweza kutolewa taarifa. Wanaweza, ikiwa familia bado inayo karatasi ya kuruhusiwa yenye namba ya jalada. Tangu Ijumaa ile zimeletwa karatasi tatu, moja ikiwa imetoboka katikati lakini namba inasomeka.